Bikoni ya Nne

Kiwanja namba kumi na saba, Kitalu C, Igombe.
Hati ninayo kabatini. Ina muhuri, ina ramani,
ina bikoni nne zenye namba.
Mbili ziko majini.
Ya tatu huonekana alfajiri, mawimbi yakiwa hayajaamka.
Ya nne imefungwa mbuzi.

Ni mwisho wa robo mwaka, makao makuu wanataka fomu.
Ukurasa wa nne: hatari za fedha.
Ukurasa wa kumi na moja: hatari za tabianchi.
Kati yake kurasa sita za sifa zetu:
karatasi tulizookoa, balbu tulizobadilisha,
miche mia nne tuliyopanda Sangabuye
tukiwa na fulana za kijani. Tukapigwa picha, tukaondoka.
Mbuzi wakaja baadaye.
Fomu haina mahali pa kuandika mbuzi.
Kwa ile miche tulipata alama tisini na mbili.

Nikafunga kompyuta, nikapanda bodaboda.

Nyanzobe Lushinge alinipokea kitenge amekikunja magotini,
anatembea ndani ya ziwa
kama mtu aliye sebuleni kwake.
“Hapa palikuwa na chanja ya kwanza. Hapa ya pili.
Hapo uliposimama, Mugeta,
ndipo uliponywea soda siku ile
ukiniambia mkopo umepita.”

Naikumbuka ile soda, ilikuwa ya tangawizi.
Naikumbuka na futi niliyoivuta ukuta hadi ukuta,
nikaandika: thamani, milioni kumi na nne.
Nilipima ardhi.
Ziwa sikulipima. Lilikuwa hatua mia moja kutoka pale,
limetulia
kama mdaiwa mwaminifu.

Kisha masika yakaja yakakataa kuondoka.
Simiyu ikaleta, Kagera ikaleta,
kila mto ukashusha mzigo wake mlangoni petu.
Dagaa wakaoza juu ya chanja
kabla chanja zenyewe hazijaelea;
waliosalia akawauza kwa bei ya chakula cha kuku.
Siku tisini zikapita.
Mfumo ukambatiza jina: chechefu.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.
Haya hayakumwagika, yamehamia,
na hakuna aliyeyadai kodi.

“Dhamana yenu hiyo,” akasema, akanichotea kwa kiganja,
“itwaeni. Mna pipa?”
Akacheka peke yake. Halafu hakucheka.
“Nitalipa. Nimekodi sehemu kule juu, mawe yanashika joto vizuri.
Ila nyie mnanidai tarehe tano,
na tarehe tano mara nyingine mwezi umejaa kama sinia,
dagaa haji kwenye taa, watu wamelala.
Ninyi mnahesabu tarehe.
Sisi tunahesabu giza.”

Miaka tisa nimekaa kwenye kiti cha mikopo
na hilo hakuna semina iliyonifundisha.

Nimerudi ofisini usiku. Fomu ina kisanduku kimoja kitupu:
Maoni, maneno yasizidi ishirini.
Nimeandika:
Ukurasa wa nne na wa kumi na moja ni maji yaleyale.
Naomba marejesho ya Igombe yafuate giza, si tarehe.
Nimehesabu. Kumi na tisa.
Nikaongeza: Tafadhali.

Mfumo umejibu kwa maandishi mekundu:
weka tarehe sahihi.
Nimejaribu tena. Wekundu uleule.
Nje, taa za Kirumba zinatetemeka juu ya maji
ambayo, kwenye ramani yetu, bado ni barabara.

Viatu vyangu nimevianika dirishani, vinanuka dagaa.
Asubuhi meneja Rwechungura amepita,
amenusa, amesimama,
ameisoma fomu begani kwangu bila kusema kitu.
Amefika mlangoni, akageuka.
“Hilo giza,” ameuliza,
“lijalo linaanza lini?”